Jina, picha na habari: ukiwa Lamu, ubishe mlango gani wa sheria?

Bibi mmoja alikuja nyumbani kwangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, baada ya Alasiri, simu ya mjukuu wake akiwa ameifunga kwenye pindo la leso kama watu wazima wanavyofunga pesa. Aliifungua taratibu, akanionyesha ukurasa wa kituo kimoja cha redio. Palikuwa na picha ya mjukuu huyo, kijana amesimama juu ya boti, kifungo cha juu cha shati kimefunguka, na chini yake maneno kwamba amekamatwa na polisi kwa wizi wa mashine ya boti. Jina lilikuwa la mjukuu, la kwanza na la babake. Aliyekamatwa alikuwa mtu mwingine mwenye majina hayo hayo, wa kisiwa kingine, na ile picha ilichukuliwa kutoka ukurasa wa kijana mwenyewe bila kuulizwa mtu. Usiku uliotangulia habari hiyo ilikuwa imesomwa hewani, na asubuhi yake mwenye hoteli aliyekuwa akimpa wageni wa kuwatembeza baharini alimwambia asubiri kwanza. “Mwanangu,” bibi akaniambia, “pesa zao sizitaki. Nataka waseme kwamba si yeye, kwa mdomo ule ule uliosema kwamba ni yeye.”

Nimewasaidia watu kadhaa wa Lamu na Malindi kuandika barua za malalamiko ya namna hii, na karibu wote huanza na swali moja: nishtaki wapi? Bibi yule alianza pazuri zaidi, kwa kusema anataka kurudishiwa nini. Sheria ya Kenya imeweka milango minne mbele ya mtu aliyeumizwa na chombo cha habari: Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari, mahakama kwa kesi ya kashfa, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na polisi. Kila mlango una mizani yake ya kupima uhuru wa habari dhidi ya haki ya mtu binafsi, na jiwe la mizani halifanani. Habari ile ile yaweza kushinda kwenye mlango mmoja na kushindwa kwenye wa pili, bila ya mmoja kati yao kukosea.

Mizani hizo zote zimefungwa kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinamtaka anayeutumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wenzake. Kifungu cha 34 kinavilinda vyombo vya habari visiingiliwe na Serikali. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na miongoni mwa mambo kinayoyakataza ni kufichua habari za familia ya mtu au mambo yake ya ndani pasipo ulazima. Kifungu cha 35, ambacho watu wengi hukijua kwa haki ya kupata habari kutoka serikalini, kina sehemu ya pili isiyotajwa sana: kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Na haki moja inapobanwa kwa ajili ya nyingine, kifungu cha 24 kinauliza kama kizuizi hicho ni cha busara katika jamii huru ya kidemokrasia, na kama hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lile lile.

Nianze na milango miwili ambayo watu huipima zaidi, Tume na mahakama.

Tume ya Malalamiko iliundwa kwa Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013. Mlalamikaji aweza kupeleka lalamiko lake kwa maandishi au kwa mdomo, akieleza sababu, madhara aliyoyapata na nafuu anayoitaka, wala halazimiki kuwa na wakili. Kipimo cha Tume ni kanuni za maadili ya uandishi wa habari. Haiulizi tu kama habari ilikuwa kweli au uongo. Huuliza kama mwandishi aliihakikisha, kama alimtafuta mtajwa ampe nafasi ya kujibu, kama picha ilihitajika, kama aliingilia msiba wa watu. Ikiona kosa, yaweza kuamuru chombo kichapishe radhi na masahihisho, kumkaripia mwandishi, na kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa chombo na 100,000 kwa mwandishi; mwandishi aweza pia kusimamishwa au hata jina lake kuondolewa kwenye orodha ya waandishi waliosajiliwa. Faini hiyo ni adhabu. Anayekwenda pale akitarajia fidia ya kununua mashine mpya ya boti amebisha mlango usiokuwa wake.

Mahakama inapima kitu kingine. Katika kesi ya kashfa, mdai lazima aonyeshe kwamba maneno yalimhusu yeye, kwamba yalimfikia mtu mwingine, na kwamba yalimshusha machoni pa watu wenye akili timamu katika jamii. Mdaiwa naye ana ngao zake. Ngao kubwa kuliko zote ni ukweli: habari ikiwa kweli, kesi inakufa, hata kama imekuumiza kuliko uongo wowote. Ngao ya pili ni maoni ya haki juu ya jambo linalouhusu umma, na ya tatu ni kinga inayolinda, kwa mfano, ripoti sahihi na ya haki ya kesi iliyosikizwa mahakamani. Ngao hii ya tatu ina maana kubwa katika mji mdogo kama huu wetu. Kijana akisimamishwa mbele ya hakimu wa Lamu na mwandishi akaripoti kwa usahihi kwamba amesomewa shtaka la wizi, hana kesi dhidi ya mwandishi huyo, hata akiachiliwa huru miezi sita baadaye. Analoweza kudai, kwa haki, ni kwamba kuachiliwa kwake nako kuripotiwe, na mahali pa kulidai hilo ni kwa mhariri na kwa Tume, kwa sababu ni suala la haki katika uandishi.

Mahakama ndiyo inayotoa fidia. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kimeweka kima cha chini: ukisingiziwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo, fidia isipungue shilingi 1,000,000, na ukisingiziwa kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka 3, isipungue 400,000. Viwango hivi vina mvuto, na nimewaona watu wakivitaja barazani kama vile pesa zimeshahesabiwa. Ni pesa za anayeshinda, na njia ya kushinda ni ndefu. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo watu wengi huipenda kwa wepesi wake, imezuiwa na sheria yake yenyewe kusikiliza kashfa, kwa hiyo ni lazima uende kwa hakimu wa kawaida au Mahakama Kuu. Jambo la kufariji ni kwamba kesi yaweza kufunguliwa mahali maneno yalikosikika, si lazima ukafuate makao ya kituo Mombasa au Nairobi. Hakimu wa Lamu au wa Malindi anaweza kuisikiliza, madhali fidia inayodaiwa haizidi uwezo wa cheo chake, ambao kwa hakimu mkaazi ni shilingi milioni 5 na kwa hakimu mkuu ni milioni 20. Jambo la kutia hofu ni kwamba anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake.

Kuna mambo mawili ya ndani ya kesi hizi ambayo nayasisitiza kwa sababu nimeona watu wakianguka hapo. La kwanza ni shahidi. Mdai akisimama peke yake na kusema kwamba jina lake limechafuka, mahakama mara nyingi humwona hajathibitisha, kwa kuwa sifa ya mtu iko machoni pa wengine. Anahitaji mtu asiyekuwa yeye aje kusema: niliisikia habari ile, nikajua ni fulani, nikamwona amepungua. Yule mwenye hoteli aliyemwambia kijana asubiri ndiye shahidi bora katika kisa chetu, na ndiye mgumu kumpata, kwani hataki kugombana na redio. La pili ni maneno yenyewe. Hati ya madai lazima iyataje maneno kama yalivyosemwa, kwa lugha yaliyosemwa, kisha tafsiri yake ikiwa kesi inaendeshwa kwa Kiingereza. Mtangazaji akisema “mwivi” kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, liandikwe hivyo hivyo, lisigeuzwe kuwa “mwizi” kwa kudhani ndilo sahihi zaidi. Ikiwa hakuna aliyerekodi, na watu watatu wanakumbuka sentensi tatu tofauti, wakili wa upande wa pili hatahitaji kufanya kazi kubwa.

Halafu kuna saa. Makosa mengi ya madai yana miaka 3 ya kufungua kesi, lakini Sheria ya Ukomo wa Madai imeipa kashfa miezi 12 pekee tangu maneno yalipochapishwa. Usidhani kwamba saa hiyo imesimama kwa sababu lalamiko lako liko mbele ya Tume, au kwa sababu mhariri amekuahidi kwa simu kwamba “tunalishughulikia.” Mtu mmoja wa Malindi alinijia na barua nzuri sana, yenye ushahidi kamili na mashahidi wawili, ikiwa imebaki siku tisa mwaka utimie. Hatukuwahi.

Na yeyote anayekwenda mahakamani akidhani atamziba mtu mdomo kesho asubuhi atarudi na masikitiko. Amri ya kuzuia habari kabla kesi haijasikizwa hutolewa kwa tahadhari kubwa, pale tu ambapo kashfa iko wazi kabisa, na msimamo huo Mahakama Kuu iliueleza katika kesi ya Cheserem mwaka 2000. Sababu yake ni nzuri, hata kama inauma. Kama kila mwenye wakili angeweza kuizuia habari kabla ukweli haujapimwa, wenye mawakili wazuri wasingeandikwa kamwe. Mahakama huona afadhali maneno yatoke, kisha anayeumizwa kwa uongo alipwe.

Kwa hiyo, kati ya hii miwili, ushauri wangu hutegemea jeraha. Ikiwa jeraha ni jina na dawa ni kusahihishwa mbele ya watu wale wale waliosikia, Tume ni mlango bora, na haigharimu nyumba wala shamba. Ikiwa umesingiziwa uhalifu, kazi imekatika, hasara inahesabika, na unaye shahidi mmoja wa nje aliye tayari kusimama, mahakama inastahili kufikiriwa. Ikiwa habari ni ya kweli, mahakama iondoe kabisa akilini.

Hapo ndipo unapoanza mlango wa tatu, kwa kuwa kuna habari za kweli zisizopaswa kuchapishwa, na Sheria ya Kashfa haina neno juu yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiulizi kama picha ni ya kweli. Picha daima ni ya kweli kwa namna fulani: ni uso wako, mahali pale, saa ile. Kinachoulizwa ni kama aliyeichukua, kuihifadhi na kuisambaza alikuwa na idhini yako au sababu nyingine inayokubaliwa na sheria, na kama alichofanya kilizidi haja. Lalamiko hupelekwa kwa Kamishna kwa mdomo au kwa maandishi, na sheria inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, muda ambao ni mfupi sana ukiulinganisha na mwendo wa kesi za mahakamani. Kamishna aweza kuamuru picha iondolewe, aweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, ile iliyo ndogo, na aliyedhurika aweza kulipwa fidia. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa hajakubali.

Lakini tazama wahusika hao ni akina nani: shule na ukumbi wa starehe. Chombo cha habari kinasimama mahali tofauti, kwa kuwa kifungu cha 52 kimewawekea wanahabari msamaha wao. Data ikitumiwa kwa kazi ya uandishi wa habari, na mchapishaji akawa na sababu za kuamini kwamba kuichapisha kuna manufaa kwa umma, masharti mengi ya sheria hiyo humwondokea. Watu husoma mpaka hapo, wakakata tamaa. Msamaha huo una sharti lake: mchapishaji aonyeshe kwamba amefuata kanuni za maadili zinazoihusu kazi yake. Maana yake ni kwamba milango ya kwanza na ya tatu imeunganishwa kwa ndani. Kituo kilichochukua picha kutoka ukurasa wa kijana bila kumuuliza, kikaibandika kwenye habari ya mtu mwingine, hakiwezi kusema kwa urahisi kwamba kilikuwa kikifuata maadili, na kisipoweza kusema hivyo, ngao yake inatoboka.

Tofauti kati ya kashfa na faragha inaonekana vizuri zaidi kwa mfano wa Malindi. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa msituni Shakahola, ilikuwa ni lazima dunia ijue, na waandishi waliovumilia jua na harufu ya mahali pale ndio walioifanya ijue. Hakuna haki ya faragha ya mtu yeyote ingeweza kuhalalisha habari ile kufunikwa. Hata hivyo, uso wa mama aliyeketi chini nje ya chumba cha maiti, mtandio umeanguka, akilia, ukioneshwa kwa karibu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, ni jambo jingine. Yote yaliyomo kwenye picha ile ni kweli, kwa hiyo kesi ya kashfa haipo. Lakini kanuni za maadili zinakataza kuuingilia msiba wa watu, na Katiba inauliza lile swali la ulazima: umma ulihitaji kujua kuhusu vifo, je, ulihitaji kuuona uso ule? Mama huyo angenijia mimi, ningempeleka kwa Tume, na kwa Kamishna kama picha imebaki mtandaoni ikizunguka.

Kwetu Lamu suala hili linarudi kila mwaka wakati wa Maulidi, wageni na kamera zao wanapojaa mjini. Mwanamke anayepita kwenye kichochoro na buibui lake hajakubali kupigwa picha kwa sababu tu kichochoro ni cha umma, na mila zetu zimelijua hilo kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Lakini nakiri kwamba hapa sheria ni dhaifu kuliko mila. Picha ya umati wa watu kwenye sherehe ya wazi, ikichapishwa kama habari ya sherehe, ni vigumu kuishinda kwenye mlango wowote. Picha ya mwanamke mmoja, uso ukiwa karibu, ikitumiwa kuuza vyumba vya hoteli, ni rahisi zaidi: hiyo ni biashara, na msamaha wa wanahabari hauifuniki.

Mlango wa nne nitaupita haraka, kwa kuwa simshauri karibu mtu yeyote aubishe. Zamani mtu aliweza kumpeleka mwandishi polisi kwa kashfa ya jinai chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo kikawa juu ya kichwa chake. Tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu, katika kesi ya Jacqueline Okuta, ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba, kwa hoja ile ile ya njia nyepesi: ikiwa kesi ya madai inatosha kulirudisha jina la mtu, hakuna sababu ya kumfunga mwenzake jela. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya Geoffrey Andare, mahakama hiyo ilikuwa imekifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kilichotumiwa kuwakamata watu kwa maneno ya mtandaoni. Bunge lilirudi na Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya 2018, yenye vifungu kuhusu habari za uongo na adhabu nzito, nayo ilipingwa mahakamani mwezi ule ule iliposainiwa, Mei 2018. Anayefikiria njia hiyo amuulize wakili kwanza, kisha ajiulize mwenyewe kama kumtia mtu pingu kutamsafishia jina mbele ya watu wa mtaa wa Mkomani. Kwa polisi aende yule anayetishiwa maisha, anayedaiwa pesa ili picha zake zisisambazwe, au ambaye mtoto wake amedhulumiwa. Hayo ni makosa ya jinai yenyewe, na hayahitaji kuvalishwa nguo za kashfa.

Mambo mawili yana njia zake mahususi. Habari ya mtoto, hasa mtoto aliyedhulumiwa au anayeshtakiwa, ina ulinzi mkali kuliko ya mtu mzima, na kwenye mlango wowote utakaoubisha, maslahi ya mtoto huja mbele. Na mtu ambaye hali yake ya virusi vya UKIMWI imefichuliwa ana baraza lake maalumu la kisheria, lililoundwa na sheria ya mwaka 2006. Aende huko moja kwa moja.

Imebaki upande wa pili wa mizani, na sitakuwa mwadilifu nikiuacha, kwa sababu wapo wanaonijia ambao huwaambia wasibishe mlango wowote. Mkubwa mmoja alitaka nimwandikie lalamiko dhidi ya mwandishi aliyeuliza hadharani jinsi kiwanja fulani kilivyobadilisha mwenyewe. Nilimuuliza: ni uongo? Akasema si uongo, lakini ni dharau. Dharau haina mlango. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Sullivan wa mwaka 1964, kiongozi wa umma hashindi kesi ya kashfa mpaka athibitishe kwamba mchapishaji alijua ni uongo au hakujali kama ni uongo. Uingereza, mwaka 1999, katika kesi ya Reynolds, ilimpa mwandishi ngao akionyesha kwamba alifanya kazi yake kwa uwajibikaji juu ya jambo linalouhusu umma, hata kama baadaye ilionekana amekosea. Kenya haikulifuata moja kwa moja sharti kali lile la Marekani, na mimi naona ni sawa, kwa kuwa katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu, uongo juu ya kiongozi huwafikia watoto wake shuleni asubuhi hiyo hiyo. Lakini anayeshika ofisi ya umma akubali kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko mvuvi wa Kizingitini.

Na wavuvi ndio mfano wangu. Tarehe 30 Aprili 2018, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya Lamu ulivunja haki za wenyeji, ikiwemo haki ya kupata habari, na ikaagiza wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira liliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe huku. Watu wetu walisimama katika mambo yale kwa sababu habari ziliwafikia, nyingine kwa redio hizi hizi ninazoandika barua za kuzilalamikia. Ndiyo maana katika kila lalamiko ninaloliandika huomba nafuu ndogo kabisa inayotosha: masahihisho kabla ya faini, kuondolewa kwa picha kabla ya fidia. Sitaki kituo kifungwe, nataka kihakikishe jina kabla ya kulisoma.

Kwa anayeanza leo, kabla ya kuchagua mlango wowote, ahifadhi ushahidi usiku huo huo. Apige picha ya skrini yenye anwani ya ukurasa, tarehe na saa, na arekodi sauti kama habari inarudiwa. Aandike nani aliisikia na wapi. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani huhitaji cheti cha anayeutoa, kinachoeleza ulivyopatikana na kwa kifaa gani, kwa hiyo simu iliyotumika isiuzwe wala isifutwe. Kisha amwandikie mhariri barua fupi, siku chache za kujibu zikitajwa, akitaja kifungu cha 35 cha Katiba na kusema wazi anataka nini. Mara nyingi jambo huisha hapo, na chombo kilichosahihisha upesi hupunguziwa mzigo hata kama kesi itakuja baadaye, kwa kuwa mahakama huitazama radhi inapokadiria fidia.

Bibi wa Langoni tulimwandikia mhariri kwanza. Hakujibu. Tukapeleka lalamiko kwa Tume, nami nikaandika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ambayo miezi 12 ingetimia, kwa wino mwekundu, ili kijana asiupoteze mlango wa mahakama kwa kungoja. Baada ya wiki kadhaa kituo kikakubali. Masahihisho yalisomwa baada ya Isha, saa ile ile ya habari ya kwanza, na jina la kijana likatajwa mara mbili na kisiwa chake, ili asichanganywe tena. Bibi alikuwa ameitoa redio nje na kuiweka juu ya baraza la mlango, sauti juu, na wapita njia wawili wakasimama. Ile picha, hata hivyo, ilikuwa bado iko kwenye ukurasa wa kituo. Kesho yake asubuhi tulimwandikia Kamishna, na bibi mwenyewe akaanza kuzihesabu siku 90 kwa tasbihi yake.